Manjano, saumu na chumba cha mlangoni

Siku ya kwanza niliyochanganya pilipili kichaa kwenye chakula cha kuku, nilitoka bandani nikipapasa ukuta. Nilikuwa nimemwaga robo kilo ya unga wa pilipili juu ya chakula, nikaingiza koleo na kugeuza kwa nguvu kama fundi anayechanganya zege. Vumbi likatimka. Mpwa wangu, aliyekuwa ameshika mdomo wa mfuko, alipiga chafya tisa mfululizo. Nilizihesabu kwa sababu macho yalikuwa yamefumba na sikuwa na kazi nyingine. Alipopata pumzi akasema, "Shangazi, hawa kuku tunawalisha au tunawafukuza?"

Kuku wenyewe walikula. Walikula vilevile kama jana yake, wakisukumana, na mmoja aliingia na miguu yote miwili ndani ya chombo kama kawaida yake. Sisi wawili tuko nje tunanawa macho, wao ndani wanamalizia.

Baadaye nilielewa kwa nini. Kinachowasha kwenye pilipili ni kapsaisini, na kwetu sisi wanyonyeshao hujishikiza kwenye kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, kilekile kinachotuambia kwamba kitu ni cha moto. Ndiyo maana ulimi unalia kuungua na hakuna moto. Maabara ya David Julius ilikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na yeye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Kuku naye anacho, na joto kali analihisi vizuri tu, ila cha kwake kimeumbwa tofauti kidogo na kapsaisini haikiamshi. Porini ndege ndio wanaokula pilipili na kusambaza mbegu zake, wala hawajui kwamba wanakula kitu kikali. Kwa hiyo ukitaka kumpa kuku wa nyama pilipili, usimwonee huruma yeye. Mwonee huruma anayechanganya.

Niseme nilifikaje hapo. Bechi iliyotangulia ilinitesa. Vifaranga 200, na kufikia wiki ya nne maranda yalikuwa yameloa mpaka yanashikana kwenye soli ya kiatu, kinyesi kina damu, kuku wamesimama wamejikunyata na mabawa yameshuka. Daktari wa mifugo alipasua wawili, akanionyesha ule utumbo wa nyuma ulioishia kama vifuko viwili, umejaa damu iliyoganda. Koksidia, vimelea vya utumboni. Tulitibu kwa dawa ya amprolium kwenye maji, lakini nilikuwa nimeshapoteza 17, na waliobaki walidumaa. Nikaapa kwamba bechi inayofuata nitaikinga mapema. Nikaanza kusoma, na kila nilikogeuka nikakuta viungo: pilipili, manjano, kitunguu saumu, tangawizi, mdalasini, karafuu, habasoda, oregano.

Si uganga wala porojo za wafugaji wadogo tu. Kwa miongo mingi wafugaji wakubwa duniani walikuwa wakitia antibaiotiki kidogo kidogo kwenye chakula cha kuku wazima, si kwa kutibu bali kwa kukuza. Vidudu vikazoea dawa, na usugu huo haubaki bandani. Uswidi ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukafunga mlango tarehe 1 Januari 2006, na Marekani ikazuia mwaka 2017 kwa zile antibaiotiki zinazotegemewa kutibu watu. Pengo likabaki, na mimea ikawa mojawapo ya vitu vilivyokimbiliwa kulijaza. Haikuchaguliwa kwa harufu yake nzuri. Thaimoli na kavakroli za oregano, eujenoli ya karafuu na sinamaldehaidi ya mdalasini ni kemikali zinazotoboa ngozi ya bakteria. Ukiziweka kwenye kisahani cha maabara, zinaua. Tumbo la kuku si kisahani, lakini hapo nitafika.

Bechi ile ya pilipili ilikwenda vizuri ajabu. Maranda makavu, hakuna damu, walikufa 4 tu. Niliwaambia watu wote. Nilimwambia daktari kwa majivuno, kama mtu aliyemshinda mwalimu wake. Yeye akasimama katikati ya banda, akatazama chini, akatazama drinka, vile vyombo vya kunyweshea maji, akauliza, "Mama, hizi ni mpya?"

Zilikuwa mpya. Zile za zamani zilikuwa zinavuja, nikazitupa wiki ileile niliyoanza viungo.

Hakusema zaidi, na hakuhitaji. Mayai ya koksidia yakitoka kwenye kinyesi hayana madhara mpaka yakomae, na ili yakomae yanahitaji unyevu, joto na hewa. Mimi kwa kuondoa drinka zinazovuja nilikuwa nimeondoa unyevu. Sifa zote nikaipa pilipili, na drinka hazikupata hata asante. Nimekuwa mtunza stoo miaka 22 kabla ya kufuga, kazi yangu yote ilikuwa kuhesabu na kulinganisha, na bado nilibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja halafu nikamsifu mmoja. Iliniuma kuliko wale 17.

Bechi iliyofuata nikafanya kwa heshima. Niligawa banda vyumba vinne kwa mbao na wavu, vifaranga 50 kila chumba, drinka sawa, vyombo vya chakula sawa, maranda ya kimo kimoja. Nikaandika karatasi nne, mbili "viungo" na mbili "bure", yaani chakula kitupu bila kiungo, mpwa akazichomoa kutoka kwenye kofia ili mimi nisipendelee chumba. Chumba cha kwanza, kile cha mlangoni, kikapata bure. Cha pili viungo, cha tatu bure, cha nne viungo. Chakula kilitoka mfuko mmoja, tofauti ikawa kilichoongezwa tu.

Pilipili niliiacha, kwa sababu za macho. Nilitumia gramu 5 za viungo kwa kila kilo ya chakula, yaani nusu asilimia: manjano gramu 2, kitunguu saumu kikavu gramu 2, tangawizi gramu 1. Kwa mfuko wa kilo 50 hiyo ni gramu 250. Watu wanaotia kwa kiganja huwa siwaelewi. Kiganja changu nilikipima mara tano kwenye mizani, kikanipa kuanzia gramu 21 hadi 38. Na kuzidisha si kuongeza faida. Saumu ikizidi sana, kuku wanapunguza kula, na kuku wa nyama akipunguza kula umeshapoteza siku ambazo hazirudi.

Kuchanganya kwenyewe ndiko kulikonifundisha zaidi. Usimwage gramu 250 juu ya kilo 50 na kugeuza. Changanya kwanza na kilo moja ya chakula kwenye beseni mpaka rangi ilingane, hiyo kilo ichanganye na kilo tano, na hizo zichanganye na zilizobaki. Na tazama chakula chako ni cha aina gani. Mimi nilikuwa natumia cha chenga, na asubuhi ya pili nikaona sakafu ya chombo ina tabaka la njano kama poda, chenga ziko juu safi. Unga wa viungo unapita katikati ya chenga kama mchanga kwenye kokoto. Kuku wakubwa wakala chenga, wanyonge waliokuja mwisho wakalamba manjano. Nilijaribu kunyunyiza mafuta ya kula kidogo, vijiko viwili kwa kilo kumi, ili unga ushike, ikasaidia. Baadaye nikahamia chakula cha unga kwa vyumba vyote vinne na shida ikaisha.

Nilianza siku ya 8, si siku ya kwanza. Wiki ya kwanza kifaranga wa gramu 40 ana kazi moja tu, kula na kupata joto, na sikutaka kumchanganya na harufu mpya. Nilipima 20 kutoka kila chumba kila Jumapili saa moja asubuhi kabla ya kuwapa chakula. Uliza mpwa wangu raha ya kumshika kuku 80 mmoja mmoja na kumtia kwenye ndoo inayoning'inia kwenye mizani.

Siku ya 35 daftari lilisema hivi kwa uzito wa wastani: chumba cha kwanza, bure, gramu 1,980. Cha pili, viungo, 2,060. Cha tatu, bure, 2,070. Cha nne, viungo, 2,045.

Soma tena, kwa sababu mimi nilisoma mara tatu. Ningekuwa nimelinganisha vyumba viwili vya mwanzo tu, ningeandika hapa kwamba viungo vimeongeza gramu 80 kwa kuku, na mngenishangilia. Lakini chumba cha tatu hakikupata kiungo hata chembe na ndicho kilichoongoza. Tofauti kati ya vyumba viwili vilivyokula kitu kilekile ilikuwa gramu 90, kubwa kuliko tofauti yoyote ya viungo. Chumba cha kwanza kiko mlangoni. Usiku upepo unapita chini ya mlango, vifaranga wanarundikana pembeni badala ya kula. Nilikuwa nimepima mlango, nikidhani napima manjano.

Kilichonizuia kufunga daftari ni chakula. Niligawanya kilo za chakula zilizoliwa kwa kilo za kuku waliotoka; namba ikiwa ndogo, chakula kimetumika vizuri. Chumba cha mlangoni 1.70, cha tatu 1.65, na vile viwili vya viungo vyote 1.62. Vyumba viwili vya viungo, kimoja kimekaa katikati na kingine mwisho kabisa, vimegonga namba moja. Sisemi nimethibitisha kitu. Vyumba vinne ni vichache mno, na mtafiti yeyote angenicheka. Lakini ni jambo dogo lililokaa mahali ambapo maelezo yanalitarajia: kama viungo vinafanya kazi, vinafanya utumboni, kwa kupunguza vidudu vinavyoiba chakula na kuchochea nyongo na vimeng'enya, si kwa kumtia kuku hamu ya kula. Kuku anakula kilekile, kinachopotea ndicho kinachopungua.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanaposimulia na hawamalizii. Nikiacha chumba cha mlangoni na kulinganisha na cha tatu tu, tofauti ni 0.03. Kwa kuku wa kilo 2 na kidogo, nimeokoa kama gramu 60 za chakula. Kuokoa hizo nimemlisha kama gramu 16 za viungo. Gawanya 60 kwa 16, unapata chini kidogo ya 4. Maana yake, ikiwa kilo ya mchanganyiko wako wa viungo inagharimu zaidi ya mara nne ya kilo ya chakula cha kuku, umekula hasara hata kama viungo vimefanya kazi. Popote ulipo, fanya hesabu hiyo kwa bei zako kabla ya kununua kitu. Mimi kwa manjano na tangawizi za kukausha mwenyewe nilipita kwa shida. Kwa mdalasini nisingepita hata nikiota.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu pilipili manga, kwa sababu inajulikana kwamba piperini iliyomo inasaidia manjano kuingia mwilini. Ni kweli kwa watu: katika jaribio la mwaka 1998, gramu 2 za kukumini, ile kemikali ya manjano inayosifiwa, pamoja na miligramu 20 tu za piperini zilifanya kiasi kinachofika kwenye damu kiongezeke kwa asilimia 2,000. Lakini jiulize unataka manjano yaende wapi. Mimi simtibu kuku maumivu ya magoti. Nataka kitu kibaki utumboni kipambane na vidudu, na kukumini kutofyonzwa vizuri kwangu ni sifa. Tatizo la mafuta ya oregano na mdalasini ni hilohilo kwa upande wa pili: yanafyonzwa mapema mno, huku juu, kabla ya kufika kule nyuma ambako vidudu vimejazana. Ndiyo sababu watengenezaji wa viongezi huyafunga ndani ya tabaka la mafuta magumu ili yafunguke taratibu. Kwa hiyo kile kisahani cha maabara nilichokitaja huko juu kinadanganya kidogo. Kwenye kisahani bakteria na dawa vimewekwa pamoja. Kwa kuku vinapishana njiani.

Na manjano hayatampa kuku wako ngozi ya njano, kama ulinunua kwa ajili hiyo. Rangi ile inatokana na xanthofili, ile ya mahindi ya njano na majani mabichi. Ya manjano yenyewe nyingi utaikuta kwenye maranda.

Saumu ina tabia zake. Alisini, ile inayonuka na inayofanya kazi, haimo ndani ya punje nzima. Inazaliwa pale punje inapopondwa na kimeng'enya kiitwacho aliinesi kukutana na kemikali iitwayo aliini. Ukiichemsha nzima kwanza, kimeng'enya kinakufa na umebaki na supu yenye harufu. Kata vipande vyembamba, anika kwenye kivuli chenye upepo au joto dogo, saga ikishakatika kama bisikuti.

Niliwahi kuitia kwenye maji pia, saumu mbichi iliyopondwa, mara moja tu. Siku mbili baadaye ndani ya drinka kulikuwa na ute unaoteleza, na siku hiyohiyo ilikuwa ya chanjo ya Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku. Nikaweka chanjo kwenye vyombo vilevile baada ya kuvisuuza juujuu. Daktari aliponiuliza kama maji yalikuwa safi nikamwambia ukweli, akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Mama, chanjo hiyo ni kirusi hai. Unampa maji yasiyo na klorini, yasiyo na dawa, yasiyo na chochote, halafu wewe umemtilia kitu kinachosifiwa kwa kuua vijidudu." Tuliichanja bechi ile upya. Na hapo niongeze kwa ufupi: hakuna kiungo kinachokinga Gumboro wala mdondo. Anayekuambia uache chanjo kwa sababu ya tangawizi, muulize atakulipa kuku wangapi.

Jambo la mwisho lililonigharimu ni unga wa dukani. Mfuko mmoja wa manjano niliokuwa nimeununua kwa bei nzuri ulifunguka na harufu ya chumba kilichofungwa, na ndani kulikuwa na madonge. Nikaumwaga wote. Viungo vinavyokaushwa vibaya vinaota ukungu, na pilipili, tangawizi na manjano ni miongoni mwa vinavyopata sumukuvu kwa urahisi. Kusaga hakuiondoi, joto la kupikia haliiondoi, na ini la kuku ndilo linaloipokea. Ungekuwa umemtilia sumu ili kumkinga. Kuna la kutisha zaidi: nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi ambayo ni sumu, ikitiwa kwenye manjano ili yang'ae. Unga wa njano inayowaka hauniambii tena kwamba ni mzuri. Nilishauriwa kudondosha iodini ili kujua kama umechanganywa na wanga, nikageuka bluu mimi kabla ya unga, maana manjano yenyewe ni mzizi wenye wanga tele na yatageuka hata yakiwa safi. Sasa nanunua mizizi mizima, naivunja niione ndani, nasaga kidogo kidogo kinachotosha wiki mbili na kukifunga kwenye chupa nyeusi.

Vifaranga wanaofuata wanaingia Jumanne. Nimepigilia ubao chini ya mlango na kuziba ufa kwa gunia kuukuu. Oregano nimeiweka kando kwanza, narudia mchanganyiko uleule wa manjano, saumu na tangawizi, gramu zilezile, vyumba vilevile. Jana jioni mpwa wangu alichomoa tena karatasi kwenye kofia. Safari hii chumba cha mlangoni kimepata viungo, na yeye ameshaanza kuulizia nani atashika mdomo wa mfuko.